Kiunganishi cha Betri na Joto la Lafey: Namna ya Kupunguza Upotevu wa Nishati katika Skuta za Umeme

Utangulizi

Msomaji wa jarida hili amezoea kukutana na neno kiunganishi katika sarufi, mahali ambapo na, lakini na kwa sababu hufanya kazi ya kufunga sentensi mbili ziwe moja. Makala haya yanalichukua neno hilohilo na kulipeleka gereji. Kiunganishi kinachozungumziwa hapa ni kile kipande kidogo cha plastiki na shaba kinachokutanisha betri na waya ziendazo kwenye mota ya skuta au pikipiki ya umeme. Mafundi wengi hukiita plagi tu, na sehemu zake mbili huziita dume na jike. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika chombo hicho, na pengine ndiyo sababu hakifikiriwi hadi siku kinapoyeyuka.

Huenda mtu akauliza mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini katika waya. Jibu ni kwamba chama chetu kimekuwa kikitetea kwa miaka mingi uwezo wa Kiswahili kubeba sayansi, na utetezi huo hauna uzito iwapo tutaufanya kwa kauli za jumla peke yake. Kuna mtu mahali fulani anayehitaji kujua anunue kiunganishi gani, naye husoma maandishi ya Kiingereza au Kichina kwenye pakiti. Makala haya yameandikwa yakimlenga huyo.

Kwa nini Lafey?

Lafey ni mji mdogo katika Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Kenya na Somalia, upande wa kati ya Elwak na mji wa Mandera wenyewe. Nairobi iko mbali sana kusini. Kisomali ndiyo lugha ya nyumbani, na Kiswahili huingia shuleni, ofisini na katika shughuli na watu watokao kwingine. Wakati wa jilaal, yaani kiangazi kile kikali cha mwanzo wa mwaka, joto la mchana katika eneo hili hupita digrii 35 kwa urahisi. Ndani ya kisanduku cha betri kilichofungwa chini ya kiti cha skuta iliyoachwa juani, hali huwa mbaya zaidi. Si ajabu joto la mle kukaribia digrii 50 kabla mota haijazunguka hata mara moja.

Biashara ya vyombo vya umeme vya magurudumu mawili nchini Kenya ilishika mizizi kwanza katika miji mikubwa. Kampuni ya Opibus, iliyobadili jina na kuwa Roam mwaka 2022, ilianzia Nairobi. Na Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua mjini Mombasa mpango wa kueneza pikipiki za umeme. Mijini humo mwendeshaji hufika kituoni, akaacha betri tupu na kuchukua iliyojaa, na kiunganishi kikiharibika kuna fundi wa kampuni. Mambo si hivyo kaskazini mashariki. Jua lipo tele, kama inavyothibitishwa na mtambo wa sola wa megawati 50 uliozinduliwa Garissa mwaka 2019, lakini gridi ya taifa ilichukua muda mrefu kuelekea Mandera, na kwa miaka mingi kaunti hiyo imetegemea mitambo yake ya dizeli ikisaidiwa na sola. Anayepeleka skuta ya umeme Lafey, akaichaji kwa paneli za juu ya duka lake, atakuwa fundi wake mwenyewe. Tena, kukwama njiani kuelekea Elwak si sawa na kukwama katika Barabara ya Thika. Maji ni machache, jua halina huruma, na usalama wa barabara za mpakani umekuwa tatizo linalojulikana. Kipande cha plastiki cha shilingi chache kinaweza kumweka mtu mahali asipotaka kuwa jioni inapoingia.

Joto hutoka wapi?

Kila kitu kinachopitisha umeme hukataa kidogo kuupitisha. Ukataaji huo huitwa ukinzani, na hupimwa kwa omu. Mwaka 1841 Mwingereza James Prescott Joule alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba joto linalozalishwa katika kipitishi hulingana na ukinzani wake, na pia na kipeo cha pili cha mkondo. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mkondo ukiongezeka maradufu, joto haliongezeki maradufu. Linaongezeka mara 4. Ukiongezeka mara 3, joto huwa mara 9.

Tuchukue mfano. Skuta yenye mota ya wati 3,000 inapanda kilima kwa nguvu zake zote. Ikiwa betri yake ni ya volti 48, mkondo unaotoka ni takriban ampea 62. Ikiwa betri ni ya volti 72, kazi ileile hufanywa kwa ampea 42 hivi. Tofauti ya mikondo hiyo ni moja na nusu, lakini tofauti ya joto katika waya na viunganishi vilevile ni mara 2 na robo. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza kuhusu joto la kiunganishi hufanywa kabla ya kiunganishi chenyewe kuchaguliwa: mwenye nafasi ya kuchagua betri ya volti nyingi na aichague.

Sasa tuingie ndani ya kiunganishi. Kiunganishi kizuri, kipya, kilichobanwa vyema, huwa na ukinzani wa karibu nusu ya mili-omu katika kila mguso. Mili-omu ni sehemu moja ya elfu ya omu. Kwa ampea 62 mguso huo hutoa joto la wati 2 tu. Kiunganishi hichohicho kikichakaa, kikaingia vumbi na kulegea, ukinzani wake unaweza kupanda hadi mili-omu 10, na joto likawa karibu wati 39. Wati 39 ndizo nguvu za kile chuma ambacho fundi wa redio hutumia kuyeyushia risasi. Yaani mwendeshaji amekaa juu ya chuma cha kulehemia kilichowashwa, kimefungwa ndani ya kisanduku kisicho na upepo.

Ikumbukwe kwamba wati 39 kati ya 3,000 ni kama asilimia 1.3 peke yake. Kwa skuta inayokwenda kilomita 60 kwa chaji moja, upotevu huo haumnyimi mwenyewe hata kilomita moja. Hii ndiyo hila ya tatizo lenyewe. Hasara ya nishati haionekani kwenye safari, kwa hiyo hakuna anayeishuku. Lakini joto lote hilo limekusanyika mahali padogo kama ncha ya kidole gumba. Waya wa shaba wa milimita za mraba 6 hutoa takriban wati 13 kwa kila mita katika mkondo huohuo, na hauungui, kwa kuwa joto lake limetawanyika mita nzima na hewa inalichukua.

Fyuzi nayo haisaidii chochote hapa. Fyuzi hukatika mkondo unapozidi, ilhali kiunganishi kilicholegea huungua kwa mkondo wa kawaida kabisa. Nimewasikia watu wakijitetea kwamba fyuzi ilikuwepo na ilikuwa nzima. Bila shaka ilikuwa nzima. Hakuna kilichoiambia kuna hatari.

Milima inayokutana

Wahenga walisema milima haikutani. Ndani ya kiunganishi, milima ndiyo inayokutana. Uso wa pini ya shaba unaong'aa machoni petu, ukitazamwa kwa darubini, ni safu za vilele na mabonde. Dume linapoingia katika jike, nyuso hizo mbili hazigusani zote. Zinagusana kwenye vilele vichache, na umeme wote unalazimika kupita hapo. Mtaalamu Ragnar Holm wa Sweden alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kulichunguza jambo hili, na kitabu chake kuhusu miguso ya umeme bado hutajwa na wahandisi. Funzo linalotufaa sisi ni kwamba ukubwa wa eneo la mguso hutegemea nguvu ya kubana kuliko ukubwa wa pini. Springi ikibana kwa nguvu, vilele husagika kidogo, miguso ikawa mingi, ukinzani ukashuka. Springi ikichoka, miguso hupungua.

Kutokana na hilo huzuka mzunguko ambao fundi yeyote aliyewahi kuona plagi nyeusi ameuona mwisho wake. Joto hulegeza springi. Springi iliyolegea hupunguza mguso. Mguso mdogo huongeza ukinzani. Ukinzani huongeza joto. Kila safari huanza pabaya kuliko ile iliyotangulia. Kiswahili kina neno zuri sana kwa chanzo cha haya yote, nalo ni kulegea. Sioni haja ya kutafuta istilahi nyingine.

Barabara za Lafey huongeza yake. Mtikisiko wa barabara isiyo na lami huzifanya nyuso mbili zisuguane kwa umbali usioonekana, mara maelfu kwa saa. Pini zilizopakwa bati huumia zaidi katika hali hii, kwa kuwa kila msuguano hufunua bati jipya, hewa ikalishika, na unga mweusi usiopitisha umeme ukajijenga kati ya vilele. Pini zilizopakwa fedha au dhahabu hustahimili zaidi. Halafu kuna vumbi laini, ambalo msomaji aliyewahi kusafiri kuelekea Wajir na Mandera hahitaji kuelezwa.

Kuchagua

Madukani huonekana hasa familia mbili za viunganishi vya betri za vyombo hivi. Ya kwanza ni ile ya rangi ya manjano inayoitwa XT, iliyoenezwa na kampuni ya Amass ya China: XT60 yenye pini za milimita 3.5, na XT90 yenye pini za milimita 4.5. Ya pili ni ya Anderson, ambayo sehemu zake mbili zinafanana kabisa. Hakina dume wala jike, nusu moja hugeuzwa ikaingia katika nyingine. Viunganishi hivi vya Anderson vina ukubwa mbalimbali, kama vile SB50 na SB120, na vikubwa vyake vimetumika kwa muda mrefu katika magari ya umeme ya kubebea mizigo ghalani.

Nambari zilizo kwenye majina ndizo zinazowaponza wanunuzi. Mtu huona XT60 akadhani amenunua ampea 60 za kutwa nzima. Vipimo vya mtengenezaji mwenyewe huitaja XT60 kwa takriban ampea 30 za mfululizo, na 60 kwa muda mfupi tu. XT90 nayo ni ya ampea 45 hivi za mfululizo. Kwa skuta yetu ya volti 48 na wati 3,000, XT60 haifai, na XT90 inakuwa mpakani. SB50 ingeonekana kutosha kwa matumizi ya kawaida, maana skuta haipandi kilima saa zote, lakini bado hatujaliingiza jua la Lafey katika hesabu.

Tuliingize. Tuseme plastiki ya kiunganishi fulani inaruhusiwa kufika digrii 105. Katika chumba cha digrii 20 kiunganishi kina nafasi ya kupanda digrii 85. Katika kisanduku cha digrii 50 nafasi hiyo ni digrii 55 tu. Kwa kuwa joto hulingana na kipeo cha pili cha mkondo, mkondo unaoruhusiwa hushuka hadi takriban asilimia 80 ya ule wa awali. Kiunganishi cha ampea 50 kimegeuka kuwa cha ampea 40 kwa sababu ya mahali kilipo, bila kosa lake. Shaba yenyewe nayo huongeza ukinzani wake kwa karibu asilimia 4 kwa kila digrii 10 za joto. Kwa maoni yangu, anayenunua kwa ajili ya Lafey na achukue kiunganishi ambacho kipimo chake cha mfululizo ni mara moja na nusu ya mkondo mkubwa wa chombo chake. Kwa skuta ya ampea 62 hilo linatupeleka kwenye SB120 au kinacholingana nacho. Kitaonekana kikubwa mno mezani. Kiachwe kionekane hivyo.

Jambo la pili ni mara ngapi kitachomolewa. Betri inayochajiwa ikiwa ndani ya skuta huweza kukaa miezi bila kuguswa, na kiunganishi cha XT90 katika skuta ndogo ya volti 72 kitatosha. Betri inayotolewa na kuingizwa kila siku inahitaji kiunganishi kilichoundwa kwa maelfu ya michomeko, na hapo Anderson anashinda waziwazi. Zaidi ya hayo, viunganishi vya SB vya rangi tofauti havikubali kuingiliana, hivyo duka lenye betri za volti 48 na za volti 72 linaweza kuzitenga kwa rangi, na mtoto anayesaidia dukani asiweze kukosea.

Jambo la tatu ni cheche. Betri inapochomekwa, umeme hukimbilia ghafla kujaza vihifadhi vilivyo ndani ya kidhibiti cha mota, na ile cheche inayosikika "ta!" huchimba shimo dogo katika shaba. Mashimo yakizidi, milima yetu inakuwa majabali. Kuna aina ya XT90 yenye herufi S mwishoni, ambayo ina kikinzani kidogo ndani yake kinachojaza vihifadhi polepole kabla pini hazijakaa sawasawa. Bei yake ni kubwa kidogo, na inastahili. Kwenye Anderson cheche hutokea kwenye ncha, si mahali pale ambapo mguso wa mwisho hukaa, kwa hiyo madhara yake huwa machache.

Bidhaa bandia ni nyingi. Njia rahisi ya kuzikagua ni sumaku. Shaba na shaba nyeupe hazivutwi na sumaku. Pini ikivutwa kwa nguvu, ndani yake ni chuma kilichopakwa rangi, na chuma hupitisha umeme vibaya kuliko shaba mara kadhaa. Aidha, dume la mtengenezaji mmoja lisiunganishwe na jike la mtengenezaji mwingine, hata kama vinaingiana. Wanaofunga paneli za sola wanalijua hili vyema, kwa kuwa viunganishi vya paneli vya watengenezaji tofauti vilivyolazimishwa kukaa pamoja vimekuwa chanzo cha moto juu ya mapaa.

Kufunga waya

Kiunganishi bora kilichofungwa vibaya ni kibaya. Waya unaoingia ndani yake uwe mnene, si kwa ajili ya upotevu wake wenyewe tu, bali pia kwa kuwa shaba nene hulifyonza joto la kiunganishi na kulitawanya. Kwa skuta tuliyoichukua kama mfano, waya wa milimita za mraba 10 unafaa kuliko wa 6. Usitumie wa 4 kwa kisingizio kwamba umeingia kwa urahisi.

Kuhusu kubana au kulehemu, mafundi hubishana. Viunganishi vya XT hulehemiwa, na havina njia nyingine ya kawaida. Vya Anderson hubanwa kwa koleo maalumu, na ningeshauri vibanwe. Risasi ya kawaida ya bati na risasi huyeyuka kwenye digrii 183, kwa hiyo kiunganishi kinachopata joto kali kinaweza kujifungua chenyewe. Vilevile risasi hupanda ndani ya nyuzi za waya na kuufanya mgumu kama msumari, kisha mtikisiko huukata pale ugumu unapoishia. Anayelehemu na aufunge waya kwenye fremu sentimita chache kutoka kwenye kiunganishi, ili mtikisiko usifike pale.

Kukagua

Kipima-umeme cha kawaida cha mafundi hakiwezi kupima nusu ya mili-omu moja kwa moja. Kinaweza, hata hivyo, kupima volti zinazopotea kati ya upande mmoja wa kiunganishi na mwingine mkondo unapopita. Ikiwa ampea 40 zinapita na kipimo kinaonyesha milivolti 20, ukinzani ni nusu ya mili-omu na joto ni chini ya wati moja. Kikionyesha milivolti 200, ukinzani ni mili-omu 5, joto ni wati 8, na kiunganishi hicho kisisubiri wiki ijayo.

Asiye na kipima-umeme ana mkono. Baada ya safari ndefu zima skuta, fungua kisanduku, gusa kiunganishi kwa mgongo wa kidole, kisha gusa waya umbali wa shubiri moja. Vyote viwili vitakuwa na moto, kwa kuwa ni Lafey. Kinachotafutwa ni tofauti. Kiunganishi kikiwa na moto zaidi ya waya kwa kiasi kinachohisika mara moja, kimeanza kulegea. Linganisha pia upande chanya na upande hasi. Vinapitisha mkondo uleule, hivyo havina sababu ya kutofautiana.

Kikishaungua upande mmoja, badilisha pande zote mbili, na ukate waya hadi pale ambapo shaba inang'aa tena. Pini mpya ikiingizwa katika jike lililopoteza springi yake haikai kwa nguvu inayotakiwa, na baada ya siku chache hiyo mpya nayo itakuwa nyeusi.